Zamu ya Yusta Kihwele

"Karibu, Yusta Kihwele," kigae cha kaunta kikaniambia. "Zamu yako ya kuingia Lusitala ni tarehe kumi na nne Agosti. Utafuatana na Veneranda Kihwele. Tunawatakia matembezi mema."

Nikaondoa kiganja, nikakipangusa kwenye kitenge, nikakirudisha palepale. Mimi ni mshereheshaji wa harusi. Songea nzima inanijua kwa mdomo, na jina langu nalijua vizuri tu: Skolastika Komba, mke wa Gaudensi, mama wa Imelda. Asubuhi ile nilikwenda ofisi ya zamu kwa jambo moja dogo, kuthibitisha kwamba sisi watatu tutaingia hifadhini mwezi wa kumi, kama tulivyojiandikisha mwaka ule Imelda alipozaliwa.

"Karibu, Yusta Kihwele," kikarudia kwa sauti yake tamu ya kike.

"Yusta ni mama yako!" nikakijibu. Foleni nzima nyuma yangu ikaangua kicheko, na mimi nikageuka kuwapungia mkono, maana watu wakicheka huwa siwezi kujizuia.

Karani hakucheka. Alikuwa Bwana Mapunda, mtu mzima mwenye upara, tunasali naye jumuiya moja. Akaangalia kioo chake, kisha akaangalia shingo yangu, pale kovu linapochomoza juu ya kola. Akashusha sauti.

"Mama Imelda, ule upasuaji wako ulikuwa wa kurekebisha moyo, au wa kubadilisha?"

"Wa kubadilisha. Mwaka juzi, Dar. Si mlinichangia ninyi wenyewe?"

"Basi ndiyo hiyo," akasema. "Sikio halijui majina, mama. Linajua mioyo."

Hili tunalijua wote, ila mtu halifikirii mpaka limkute. Baada ya Miaka ya Vumbi, Lusitala ndiyo hifadhi pekee iliyobaki na wanyama wanaotembea kwa miguu yao, na ardhi yake haivumilii watu wengi. Kwa hiyo kila moyo umepewa siku moja, alfajiri hadi jioni, maisha yote. Huko ndani wamefukia masikio ya mitambo kwenye udongo, yanamtambua kila tembo na kila pongo kwa mapigo yake, na sisi vilevile. Huku nje Sikio linatusikia kwenye viti vya mabasi, kwenye mikeka ya benki, kwenye vitasa vya ofisi. Mapigo hayafanani, wanasema. Kitambulisho unaweza kuazima, moyo huwezi.

Nilibaki nimetulia. Wengine wanadhani mimi ni jasiri, kumbe ni huu moyo wenyewe. Walipoutoa kwa mwenyewe walikata mishipa ya fahamu, kwa hiyo habari mbaya haziufikii kwa njia ya mkato, mpaka zizunguke na damu kwanza. Nitasikia jambo la kutisha nikae tuli kama niliyetajiwa bei ya chumvi, halafu baadaye, nimeshaanza kuzungumza mengine, ndipo unaanza kunidunda peke yake.

"Moyo wako wa zamani ulisimama siku ile ya upasuaji," Bwana Mapunda akaendelea. "Sikio likaandika kwamba Skolastika Komba amefariki. Liliandika lenyewe, siku ileile, kwa hiyo kundi lenu halikuvunjwa. Mzee Gaudensi na mtoto wanaingia Oktoba kama kawaida."

"Na mimi?"

"Wewe umefariki."

"Ala! Kodi mbona wananitoza?"

"Kwa kodi uko hai, mama. Umefariki kwa Lusitala tu."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamuuliza nifanyeje nifufuke. Akasema ni mambo mawili: niweke dole langu kudai moyo, kisha ndugu wa huyo Yusta atamke kwa mdomo wake kwamba Yusta amekufa. Yakikutana hayo mawili, moyo utaandikwa wangu, na jina langu litarudi kwenye kundi la familia saa hiyohiyo. Hakumaliza sentensi, nilikuwa nimeshabandika dole.

Ndipo nikakumbuka kuuliza. "Na huyu Veneranda? Yeye itakuwaje?"

Bwana Mapunda akajikuna upara. "Kifo kisipotamkwa ndani ya miezi mitatu, kundi zima linafutwa na nafasi zinapewa wanaosubiri. Watu walikuwa wanaficha misiba ili wauze zamu za marehemu, unakumbuka. Na huyu binti ana miaka miwili tangu afariki."

"Sasa kwa nini mama yake hakutamka?"

"Labda alitamka. Moyo unapiga, Sikio lingemkatalia. Na tamko lililokataliwa halihesabiki."

Hospitali waliniapia kwamba jina la mwenye moyo sitalijua mpaka naingia kaburini. Nililijua kaunta, mbele ya foleni, huku nimeshika kikapu cha nyanya. Nilifika hadi kituo cha basi ndipo kifua kikaanza, nikakaa chini kwenye ukingo wa barabara, wapita njia wakanidhania mlevi.

* * *

Gaudensi alisema nitume ujumbe. Nikamwambia mtu aliyenipa moyo siwezi kumtumia ujumbe kama fundi wa bomba. Kumpata hakukunisumbua, maana washereheshaji tunajuana nchi nzima, na hakuna ukoo ambao mmoja wetu hajawahi kuusimamia harusi. Mwenzangu wa Iringa alinijibu kabla sijamaliza kuuliza. Veneranda Kihwele ni mwalimu mstaafu wa Kihesa, mjane, binti yake wa pekee alianguka akirekebisha nyavu za kuvunia ukungu mlimani.

Njia nzima nilipanga maneno. Nitaanza na pole, nitaeleza taratibu, nitaomba. Mimi napanga maneno kwa kazi, hili nililipanga kuliko harusi yoyote.

Nikamkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo. Mwembamba, mgongo umenyooka, miwani imening'inia kwa kamba.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kamwene. Karibu, unatoka wapi?"

"Songea, mama."

Uso ukamfunguka wote. "Songea! Mngoni wewe! Ee Mungu, mtani wangu! Na leo mmekuja kuiba nini?"

Mngoni na Mhehe ni watani tangu mababu zetu walipochoka kupigana. Mhehe akinitupia neno, mimi sifikirii, ulimi unajibu wenyewe, ndivyo tulivyolelewa. Na ulimi wangu ukajibu, kwa kicheko kabisa:

"Kuiba nilishaiba zamani! Nimekuja kukuonyesha tu!"

Akacheka hadi akashika ungo usimwagike. Mimi nikawa nimeshapeleka mkono kifuani, pale penye kovu, na mkono ukagoma kushuka. Aliuona. Kicheko kikamwishia taratibu.

"Umeiba nini, mtani?" akauliza.

Maneno yote niliyoyapanga yakapotea. "Yusta," nikasema.

Aliinama akaendelea kuchambua. Akatoa kijiwe, akatoa punje iliyotobolewa, akatoa kingine. Nikasimama pale natamani ardhi inimeze. Mdomo huu, jamani! Watu wananilipa kwa ajili yake, na siku moja tu niliyoutaka uniheshimu ndiyo siku umenivua nguo.

"Keti," hatimaye akasema. "Mgeni hasimami."

Nikakaa. Nikamwambia kwamba akitaka kuweka sikio asikilize, mimi sina neno. Akainua kiganja kunizuia.

"Sitaki. Nikiusikia nitakung'ang'ania, na wewe una kwako."

Kisha akanisimulia bila mimi kuuliza. Wiki moja baada ya mazishi alikwenda ofisi ya zamu kumwondoa Yusta kwenye kundi, aingie Lusitala peke yake. Kigae kikamjibu kwamba Yusta Kihwele yu mzima, mapigo ni mazuri. Akaenda mwezi uliofuata na cheti cha kifo. Mapigo ni mazuri. Akaenda na padri. Mapigo ni mazuri.

"Nimemzika kwa mikono yangu," akasema. "Nimetupa udongo. Halafu mashine inaniambia anaendelea vizuri." Akavua miwani akaifuta kwenye khanga. "Unajua kilichotokea, mtani? Nikazoea. Nikawa naenda kila mwezi, wala si kumfuta. Naenda kuambiwa. Naweka kiganja, naambiwa mwanangu mzima, narudi nyumbani napika."

Nililia. Yeye hakulia, akanisogezea maji.

Lusitala ndiko alikozaliwa. Alikuwa mtoto wa miaka sita malori yalipokuja kuhamisha vijiji ili hifadhi ipanuliwe, na mama yake alikuwa amezikwa mwaka uleule, karibu na mto, kaburi la mawe matatu. Hakuruhusiwa kurudi tena. Kwao, katika ukoo wao, mtoto hupelekwa kwenye kaburi la bibi, anatajwa jina, pombe kidogo inamwagwa, kaburi linafagiwa. Yusta alikuwa hajatajwa. Walijiandikisha pamoja, wakasubiri miaka, wakapanga kila kitu mpaka viatu, na ilipobaki miaka miwili zamu yao ifike, yule binti akapanda mlimani kufunga nyavu.

Na mimi nikamwambia yangu. Nikamwambia kuhusu Imelda mwenye miaka kumi na moja, nikamwambia kuhusu Oktoba, nikamwambia kwamba madaktari hawanifichi, moyo wa kupandikizwa haukai kama wa kuzaliwa nao, na kundi letu likipita bila mimi hakutakuwa na lingine ambalo mimi nimo. Nikamwambia na ile sheria ya miezi mitatu. Sikutaka atamke halafu ajue baadaye.

Alinisikiliza kama mwalimu, kichwa kimeinama upande.

"Nitatamka," akasema. "Wewe una mtoto anayekusubiri. Hata leo nitatamka." Akakusanya takataka za maharage kwenye kiganja, akazishika tu, hakuzitupa. "Lakini nikuulize, mtani. Kwenye msiba mtani akichukua kitu cha marehemu, si wenye msiba hukikomboa?"

"Hukikomboa, mama."

"Basi mimi naomba kukomboa. Sitaki chote. Naomba siku moja tu, ile ya Agosti. Ukiona haiwezekani, sema, nami nitakwenda kutamka wala sitakuwa na kinyongo."

Moyo ambao muda wote ule ulikuwa umelala ukaamka hapo. Uliniparamia kifuani. Nikamwambia nitafikiri, nikaondoka bila hata kumaliza maji yake.

Kwenye basi nilimchukia. Nasema kweli. Angenikatalia ningepigana naye, kupigana nakuweza. Angelia ningelia naye yakaisha. Lakini amenikubalia, kisha ameniachia mimi kuamua. Moyo mmoja, siku moja. Nikitaka kuwa hai lazima nimfute binti yake, na yeye mwenyewe afungiwe mlango. Nikimwachia binti yake abaki, basi mimi ndiye marehemu, na mwanangu ataingia msituni na baba yake kama yatima.

* * *

Imelda alikuwa na mpango. Asiyemjua Imelda hawezi kuelewa nikisema mpango. Alishachagua nguo za rangi ya majani makavu kwa watu watatu. Alishaamua kwamba alfajiri tutaanzia bwawa la viboko, mchana tutakaa kimya chini ya miti ya mto kwa sababu tembo hupita hapo kunywa, na jioni tutarudi kwa njia ya juu. Kila Jumapili baada ya misa alitupeleka njia ya mlimani kufanya mazoezi ya kutembea bila kusema. Mimi! Nisiyenyamaza hata kanisani! Nikifungua mdomo ananinyooshea kidole, na baba yake anatikisa mabega kwa kicheko cha kimya.

Niliwaambia wote wawili mezani. Niliona ni bora waambiwe pamoja.

Gaudensi aliacha kula. Yeye ni fundi betri, mtu wa maneno machache, anayapima kama asidi. "Kwa hiyo huyo mama yuko tayari kutamka," akasema.

"Yuko tayari."

"Na wewe hutaki atamke."

"Sijasema sitaki!"

"Hujasema, lakini ugali umelala mbele yako muda wote, hujaumega."

Imelda alikuwa anatutazama kwa zamu. "Lakini mama uko hai," akasema. "Waambie tu uko hai."

Nikamweleza tena. Nikamweleza juu ya yule mama, kaburi la mawe matatu, binti ambaye hajatajwa. Alisikiliza mpaka mwisho, mtoto mwenye adabu, kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Na mimi je? Baba haoni mbali. Tembo akitokea nitamwambia nani 'ona'?"

"Utamwambia baba, naye atasogea karibu—"

"Haturuhusiwi kusogea karibu!" akapiga kelele. "Hujui hata kanuni! Nenda tu na mama yako mpya! Wewe si Skola, wewe ni Yusta!"

Akakimbilia chumbani. Gaudensi akanyanyuka kumfuata, nikamzuia. Alikuwa na haki. Mtoto aliniona hospitalini nimechomekwa mipira kila tundu, akaambiwa mama atapona na mtakwenda wote Lusitala. Aliambiwa na mimi.

"Wewe ungefanyaje?" nikamuuliza mume wangu.

"Mimi nilipiga magoti kwenye korido ile nikamwomba Mungu mtu afe," akasema. "Sikusema hivyo, nilisema apatikane mwenye moyo, lakini ni kitu kilekile. Akafa binti wa yule mama. Sasa mimi nikuambie nini, Skola? Sina uso wa kukuambia usiende."

Ndipo nikaamua, na nilijua kabisa nani atalipa. Imelda ananiona kila asubuhi. Nitamfokea kuhusu soksi, nitamsuka nywele, nitamchelewesha shule kwa kuongea na majirani. Yule mama ana kigae cha kaunta tu kinachomwambia mapigo ni mazuri. Nilijiambia nina siku nyingi za kumfidia mwanangu. Hiyo sina uhakika nayo, na yeye pia anajua, ndiyo maana wiki zile zote alinijibu kwa neno mojamoja. Asubuhi ya safari hakutoka chumbani. Nikaongea na mlango, mlango haukujibu.

* * *

Lango la Lusitala si kubwa kama watu wanavyodhani. Ni ukuta wa udongo wenye mlango mmoja wa chuma, kigae ukutani, na benchi refu nje. Kwenye benchi wanakaa wasubiri bahati, watu waliokuja bila zamu wakiomba kundi fulani livunjike. Wanakaa hapo wiki na vyungu vyao. Tulipofika alfajiri walituangalia mimi na Mama Veneranda kama fisi wanavyoangalia ng'ombe mgonjwa, kisha mmoja akatusalimia kwa heshima sana.

Mama Veneranda alivaa gauni la kijani na raba mpya. Alibeba ufagio mdogo wa majani na chupa ya pombe iliyoruhusiwa baada ya kupimwa. Hatukuwa tumezungumza sana njiani. Mara moja aliniuliza kama Imelda amekubali. Nikasema amekubali. Alinitazama, akageukia dirisha.

Mwangalizi wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, Afande Mlelwa, sauti yake ya upole. Akanielekeza kwenye kigae. Nikaweka kiganja.

"Karibu, Yusta Kihwele."

"Asante," nikajibu haraka, kwa sauti ya ukumbini, ili lisitokee swali.

"Na wewe mama," Afande akamwambia Mama Veneranda. "Weka kiganja, halafu utamke kwa sauti kwamba uliyefuatana naye ni Yusta Kihwele. Ni utaratibu tu, kwa ajili ya walanguzi. Sikio likishakusikia, mlango unafunguka."

Akaweka kiganja. Nyuma ya ukuta kitu kikubwa kilivunja tawi, wasubiri bahati wakashtuka wote kwa pamoja. Harufu ya majani mabichi ilipenya chini ya mlango, harufu ambayo mimi sijawahi kuinusa maishani, na nikamwona Mama Veneranda anafumba macho. Yeye alikuwa anaijua.

"Tamka, mama," Afande akasema.

Akanigeukia. Alinitazama usoni, akanitazama kwa utulivu, paji la uso, pua, mdomo. Nikamtolea macho: sema, mama, sema basi. Nimemwacha wangu analia kwa ajili ya neno hili moja.

"Hapana," akasema.

"Mama!" nikamshika mkono.

"Huyu si Yusta." Sauti yake ilikuwa ya darasani, kila neno limesimama peke yake. "Mwanangu Yusta amekufa. Alianguka mlimani. Nilimzika Kihesa, miaka miwili sasa. Huyu ni Skolastika, mtani wetu wa Songea. Yeye ni mzima, na ana mtoto."

Kisha ile sauti tamu, ileile, ikasema, "Tamko limepokelewa. Yusta Kihwele amefariki. Pole kwa msiba, Veneranda Kihwele."

Yule mama akainamisha kichwa mbele ya ukuta. "Asante," akakijibu kigae. "Nimeshapoa." Kisha akaanza kuporomoka kando ya ukuta, nikamdaka, tukaketi wote wawili chini kwenye changarawe.

Sikio likaendelea na kazi yake. Likatangaza kwamba kundi la Kihwele limefutwa kwa kuchelewa kutamka, nafasi mbili ziko wazi. Benchi likalipuka. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, akamvuta dada yake, wakakumbatiana, wakawa wanaruka na kulia. Siwalaumu. Wangejuaje? Afande aliwahimiza maana alfajiri ilikuwa inapita, wakatupita mbio na vikapu vyao.

Mama Veneranda akawanyooshea ufagio. "Wanangu! Mkivuka mto wa pili, mkono wa kulia, kuna kaburi la mawe matatu. Ni la mama yangu. Mlifagie kidogo tu, mumsalimie."

"Sawa, bibi! Sawa!" wakasema, wakauchukua ufagio huku wanacheka kwa furaha. Mlango ukafunguka, ukajifunga. Hawakuuliza mama yake aliitwa nani.

Nilishikwa na hasira. "Kwa nini, mama? Kwa nini umefanya hivi? Mimi nilishakuja! Nilishamuumiza mwanangu, nimekuja, siku ilikuwa yako!"

"Neno lilikuwa mdomoni," akasema. "Ndiyo. Lilikuwa hapa." Akagusa mdomo. "Nikawaza, nikisema ndiyo, nitamtaja kwa mama, tutafagia, jioni tutatoka. Na mwezi ujao nitarudi kaunta kuuliza mapigo. Na mwezi mwingine. Ningekufa sijamzika, mtani." Sasa ndiyo alilia, kilio cha sauti, mwili mzima, kile ambacho nadhani alikiweka tangu makaburini. "Mwanangu amekufa. Yusta wangu amekufa jamani. Amekufa."

Nilimkumbatia. Nilimbembeleza tu, na Afande Mlelwa akavua kofia akasimama karibu yetu, akigeuza uso.

Simu yangu ikaita. Sikuigusa. Ikakata, ikaita tena, na tena. Nikaona jina la Imelda, na nikajua jina langu limekwisha kurudi kwenye kundi, na kwamba yeye, ambaye amekuwa akilifungua lile kundi kila asubuhi kuangalia, ameliona kabla ya mtu yeyote.

"Pokea," Mama Veneranda akasema kifuani mwangu.

"Baadaye, mama."

"Pokea, Skolastika. Mtoto anakuita."

Nikapokea. "Mama! Mama umerudi! Umo Oktoba! Baba, mama yumo!" Alikuwa anapiga kelele, anaruka, nilisikia miguu yake sakafuni na baba yake akicheka nyuma kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane. "Mama, unasikia? Tunaanzia bwawa la viboko! Mama? Mbona unalia?"

Upande mmoja simu, upande mwingine yule mama ananilowesha bega.

"Baba," nikamsikia Imelda akisema, amefurahi kupita kiasi, "mama analia kwa furaha."